Maneno ya Léoncie

Munigi, siku ya mardi

Kwako Papa wangu Ntirenganya,

Nakusalimia sana katika jina la Yesu, na nauliza kwanza habari ya shingo yako, kisha habari ya wewe mwenyewe. Ile kidonda yenye baganga balikuacha nayo imefungika? Tantine Donatille alinitumia ujumbe eti sasa unakunywa uji bila kukohoa, nikamushukuru Mungu. Eti munagombana, yeye na mudomo, wewe na vidole, na vidole njo inashinda. Nilicheka peke yangu katikati ya mawe, benzangu bakaniuliza ni nini. Umusalimie, na ile mbuzi yake ya kichwa nguvu, na batu bote ba Kiwanja benye bananikumbuka.

Mimi niko muzima. Kazi ya mawe inaendelea, tunachonga, kamio inakuja, inabeba, tunaanza tena. Mwezi yenye imepita jiwe moja ilinikata mguu chini ya kidole kikubwa, juu nilikuwa nafanya kazi na kandambili. Imepona, usihangaike.

Ningekupigia telefone, Papa, lakini ungenijibu na nini? Njo nikaona niandike, hata kama maandishi yangu ni ya mutu mwenye aliacha masomo mwaka wa tatu primeri. Utanivumilia. Byiringiro anapanda Kiwanja kesho na moto yake, ile pikipiki, kuchukua maharagwe, atakuletea hii karatasi. Nakuomba kitu moja: uisome peke yako. Tantine asikusomee, hata kama miwani imepotea.

Habari yenyewe ni hii: filme ya Boti ya Juu, parti ya neuf, ile ya tisa, imefika kwa sine ya Aubin.

Miaka sita, Papa. Parti ya huit, ile ya nane, ni wewe ulitafsiri, na sauti ilikuwa imeanza kukukimbia, ulikuwa unakunywa maji ya moto kati ya vita na vita. Batu balitoka pale banalia juu Léoncie alibaki anashikilia mulango ndani ya moto ili bwana yake Kapita, mukubwa wa boti, atoke. Tangu ile siku tuko tunangoja. Sasa Aubin, unajua namna eko na sine yake, akaandika na chaki kwa ubao wa inje: DIMANCHE, BOTI YA JUU 9, LÉONCIE ATARUDIA? Ile alama ya kuuliza njo ilileta matata.

Juma nzima batu balikuwa banasimama pale mbele ya ubao banabishana. Honoré, yule motard wa pikipiki mwenye aliandika KAPITA nyuma ya moto yake, alikula kiapo eti Léoncie atarudia, mwanamuke mwenye alipita dunia ya barafu na mukono moja hawezi kumalizwa na kamoto. Mama Mukashyaka wa mandazi akamuambia moto ni moto, amuulize yeye mwenye volkano ilimumezea nyumba. Eti Kapita amalize kilio, miaka sita inatosha, atafute mwengine, hata yule wa rangi ya majani wa parti ya cinq, ile ya tano, ni mutoto mwenye adabu. Honoré akasema yule eko na mikono tatu, nani atamushonea nguo? Mama Mukashyaka akajibu mikono tatu ni baraka kwa mandazi: moja inakanda, moja inageuza, moja inapokea faranga. Batu balicheka mpaka bakashikilia ukuta. Mimi nilikuwa pembeni na nyundo yangu, nasikiliza, sisemi kitu. Unanijua.

Kisha Élisée akaja. Ni kijana wa miwani, anasoma université, anajua Kifaransa na Kingereza. Alisema pole pole, na ile pole pole yake njo iliuma batu. Alisema parti zote amekwisha kuziangalia kwa ordinateur, ile kompyuta yake, na sisi tuko tunalilia mashini ya kutengeneza mabomba ya choo. Eti jina yake si Léoncie, ni chiffre tu, namba. Eti Kapita hajaoaka hata siku moja, na ile mashini haisemaka kitu, inalia pi-pi-pi, basi. Akamaliza na kusema muzee Ntirenganya hakutafsiri, alitudanganya miaka yote na sisi tukamupigia makofi.

Honoré alimukamata shati. Mama Mukashyaka akaingia kati na sahani ya mandazi kwa kichwa, na hakuna hata moja ilianguka. Aubin, mwenye hapendi damu mbele ya mulango yake, akakata neno hivi: dimanche kisha misa, Élisée mwenyewe atashika mikro na kutafsiri maneno ya kweli, moja moja. Kama Léoncie ni muke ya Kapita, Élisée ataomba musamaha mbele ya batu bote. Kama ni mashini tu, basi jina yako kwa ukuta, ile NTIRENGANYA, SAUTI YA BOTI, itapakwa rangi. Na alinunua rangi, Papa. Nyeupe. Kopo nililiona mimi mwenyewe, chini ya meza.

Sikulala vizuri kufika dimanche.

Sine ilijaa mpaka kwa madirisha. Nilikaa kwa nafasi yangu, chini, karibu na waya ya mikro, pale nilikuwaka nakaa wakati yako. Na ikaanza.

Papa, sijui nikuambie namna gani. Ekra ya picha ilikuwa nyeusi, tukafikiri kuran ya umeme imekatika, kumbe ile ilikuwa mbingu. Nyota zikaanza kuja moja moja, kisha zikamwagika sawa cheche za jiwe wakati nyundo inalipiga, na hazikumalizika. Boti ikapita juu yetu. Ilipita, ilipita, ilipita, batu bakainamisha vichwa, eti isibaguse. Muzee moja mbele yangu akatoa kofia yake na akaiweka kwa magoti sawa eko mu kanisa. Kila siku mimi nachonga mawe yenye ilitoka chini ya dunia ikiwaka, na nilikuwa nafikiri hakuna kitu kubwa kupita ile. Pale nilijisikia mudogo, lakini mudogo wa kufurahi, sawa mutoto kwa mugongo.

Kapita amezeeka. Ndevu ni nyeupe. Akashuka kwa dunia ya mawe meusi, mawe tu, makali, hakuna jani. Mutu akapiga kelele: Munigi! Sine nzima ikacheka.

Élisée alikuwa anatafsiri. Siwezi kumusingizia, anajua. Kapita akisema maneno kumi, Élisée anatoa kumi, anaipanga sawa matofali. Lakini ilikuwa baridi. Wakati yako, Kapita alikuwa anasema moja, wewe unasema mia, na tunajua mpaka bei ya chumvi kwao. Batu banamuuliza Élisée, Kapita anasikia namna gani? Élisée anajibu hiyo haikusemwa.

Basi Kapita akatembea ndani ya yale mawe, akafika kwa lundo ya vyuma ya kutupwa. Akachimba na mikono. Akatoa kichwa ya Léoncie. Kichwa tu, Papa, upande moja imeyeyuka. Akaipangusa na mukono ya koti, akaiweka kwa magoti. Ile taa ya jicho ikawaka kidogo. Pi, pi, pi.

Batu bote balimugeukia Élisée. Hata Honoré alikuwa anamuangalia sawa mutu anangoja daktari aongee. Élisée akasema: hakuna maneno. Ni mashini inalia juu imeharibika.

Mama Mukashyaka akashusha kichwa na kukunja kitenge yake, sawa mutu mwenye aliibiwa na anaona haya kusema. Aubin akaangalia chini ya meza, kwa kopo.

Na mimi nilikuwa nimeona kitu. Wakati Kapita anachimba, mguu yake ya kushoto haikukuwa na kiato. Ilipotea kule nyuma, ndani ya mawe, na filme haikusema kitu juu yake. Alikuwa amesimama na soksi, na soksi iko na damu. Sijui nani mwengine aliiona. Mimi naangaliaka chini, ni tabia yangu.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mikro ilikuwa nzito na ya moto ya mukono ya Élisée. Mimi mwenye sijasalimia batu kumi mara moja. Nikafungua kinywa, nikasema: Kapita, haujavaa viato. Haya mawe haina huruma.

Papa, ile sine. Ilianza na Mama Mukashyaka, akapiga kelele moja ya juu, eti ni yeye! Ni Léoncie! Kisha batu bote, banalia na banacheka, Honoré amekumbatia muzee wa kofia. Na pale pale kwa ekra, Kapita akaangalia mguu yake. Nakuapia. Akaiangalia, na akacheka na machozi. Basi sikuweza kuacha tena. Nilisema mpaka mwisho, yeye na muke yake, mambo ya miaka sita, nani alikufa, nani alizaa, na yule wa mikono tatu anawasalimia.

Taa ilipowaka, Élisée alikuwa amekaa chini, kwa nafasi yangu. Alisema mbele ya bote kama yote yenye nilisema ni uongo, toka neno ya kwanza mpaka ya mwisho. Akatoa miwani, akaipangusa mara mingi. Kisha akauliza kama dimanche yenye inakuja naweza kurudilia parti ya kwanza, juu yeye aliionaka vibaya. Aubin alifunga kopo na akaliweka jiwe juu. Jina yako iko pale pale kwa ukuta.

Sasa Papa, hapa njo pa kusoma peke yako.

Mimi sijui Kifaransa. Unajua. Na wewe pia haukijui. Nilijua tangu niko mutoto. Ile filme ya Bachina, hakukuwa neno hata moja ya Kifaransa ndani, uliitafsiri mpaka mwisho na batu balikubeba kwa mabega. Na ile siku kule Himbi, muzungu alikuuliza njia, ukamushika mukono, ukacheka sana, ukasema oui oui, na ukanivuta tukaenda mbio mpaka Birere. Sikumuambia mutu. Haukuangaliaka midomo ya batu ba filme, uliangaliaka mikono, macho, viato. Njo kwako nilijifunza. Batu banafikiri mimi ni bubu, kumbe niko naangalia.

Ya pili ni ya kwangu, na imenikaa kwa roho miaka mingi. Nilikuambiaka kama mwalimu alinifukuza, na ukaenda kugombana naye mbele ya batoto bote ba masomo, ukamuita mushenzi. Hakunifukuza. Alikuwa mutu muzuri. Mimi njo nilikimbia.

Unakumbuka tulishuka kutoka Masisi kisha kumuzika mama, na hapa Munigi hakuna mwenye alijua jina yake. Ile mwaka parti ya kwanza ikaja. Mashini ikalia pi-pi-pi, na wewe ukasema kwa mikro: mimi ni Léoncie, muke yako, vaa viato, haya mawe haina huruma. Batu balicheka. Mimi nilikauka. Ile ni jina ya mama, na ile ni maneno yake, kila asubuhi kwa mulango, kabla tutoke. Basi kila siku nilikuwa nabeba kayé yangu ya kuandikia, nazunguka nyuma ya sine, naweka sikio kwa ubao. Picha sikuona. Nilikuwa nangoja tu pale mashini italia. Mwaka nzima. Kisha nikaona haya ya kurudi kwa masomo, nikakudanganya. Unisamehe, na kama yule mwalimu angali muzima nitaenda kumuomba musamaha pia.

Na nikuambie yote: sauti ya mama mimi sina tena. Nikiitafuta, napata yako. Ile ya mikro, ile ya uongo. Njo yenye nilibakia nayo. Na dimanche wakati nilifungua kinywa, haikutoka sauti yangu. Ilitoka ile.

Aubin anataka nishike mikro kila dimanche. Sijamujibu. Ile ni sauti ya batu babili, na moja tu njo naweza kumuomba ruhusa. Uandike nyuma ya hii karatasi ndiyo ao hapana, umupe Byiringiro. Na kama ni ndiyo, ongeza kidogo: Léoncie sasa ni kichwa tu, anasafiri kwa magoti ya Kapita. Ataanza kusema nini? Wewe njo unamujua kunipita.

Honoré, Mama Mukashyaka na Aubin banakusalimia. Élisée pia anakusalimia, alisema nimuandike wa mwisho. Funika shingo asubuhi, kule Kiwanja umande ni mubaya. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mutoto wako,
Niyitegeka Rodrigue

Nimeandika hii barua kwa mawe, saa ya kupumzika. Nimevaa viato.