Shimo la Kushi za Mama

Jumamosi. Baridi ya mwezi wa sita imeniuma masikio tangu asubuhi, na nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Leo ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Kila lupango, yaani kila boma, litoe taka zake barabarani, mkubwa wa mtaa anapita kuangalia. Mimi nikaenda kwanza bombani kuchota maji. Hilo ndilo kosa langu la leo. La zamani ni kubwa zaidi.

Mama yangu mzazi anakaa kwetu tangu mkojo ulipoanza kumshinda. Mume wangu, Baba Mwansa, ni mukwe wake, na kwetu mukwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Sasa vitambaa vya mama mtu mzima utavianika kwenye kamba gani ambayo mukwe hapiti? Ndiyo maana nilimwomba nesi kushi za kutupa, zile nepi za watu wazima.

Alinipa aina mbili tujaribu. Ya kwanza nyembamba, laini, haionekani chini ya kitenge. Lakini haifiki asubuhi. Shuka zinalowa, godoro linalowa, nami nafua kwa maji ya baridi hadi vidole vinapasuka. Ya pili ni nene, ina plastiki nje. Hiyo haivuji kabisa, ila Mama akipiga hatua inalia kwacha-kwacha.

“Mukwe wangu atasikia,” alisema. “Afazali nilowe.”

Basi tukabaki na nyembamba. Niseme ukweli: Jumanne, godoro lilipolowa tena, nilimfokea. Mama yangu! Alinisaidia tu kushika ncha ya shuka tuikamue. Naona haya hadi leo.

Na nilivyohangaika kuchagua za kuvaa, sikufikiri hata mara moja pa kuzitupa. Zikilowa haziungui. Nilikuwa nazitia shimo la taka nyuma ya jikoni, majivu juu, nikijua mwanaume hafiki kule.

Nimerudi na ndoo kichwani, nikamkuta Baba Mwansa ameshika koleo. Alitaka kunipunguzia kazi ya kutoa taka, maskini. Shimo liko wazi, kushi tatu zimelala peupe, na jirani anachungulia juu ya ua.

“Ni ya nani ile?” akauliza.

“Ya mutoto,” Baba Mwansa akajibu.

Mtoto gani? Mwansa wetu ameshaoa. Jirani alicheka kidogo, akaendelea kufagia.

Mama alikuwa anaota jua mlangoni. Aliona yote.

Nilipoingia ndani nilimkuta anafunga nguo zake.

“Unirudishe Kasomeno. Mukwe alishaona.”

Kasomeno, kijijini kwake! Kule nani atambadilisha? Nyumba yake imebaki kuta tu, ndugu wote wametawanyika. Nilimbembeleza, nikaomba msamaha, wapi. Nikakaa sakafuni nikalia, mimi mwanamke mzima, naye anakaza fundo.

Mchana nikasikia jembe. Baba Mwansa hata bukari, ugali wake wa mchana, hakugusa. Alichimba karibu na mipapai, shimo la kumfika kifuani. Alipomaliza akaja kusimama nje ya dirisha la Mama, ameligeuzia mgongo, akasema na mimi kwa sauti ya kufika hata kwa kiziwi. Ndivyo mukwe anavyosema na mama mkwe.

“Ambia mama, ile shimo iko ya mimi. Ni mimi nitatupa, ni mimi nitafunika. Asiende fasi yoyote.”

Nilikuwa naangalia vidole vya Mama tu. Kisha vikaanza kufungua fundo.

“Ambia mukwe wangu, asanti.” Halafu akanigeukia. “Na weye, leta ile ya makelele. Alishaona. Nitamuficha nini tena?”

Nimemvisha kabla jua halijazama. Akatembea hadi mlangoni, akarudi, kwacha-kwacha, akicheka peke yake. Sijamsikia akicheka tangu alipokuja kwetu.

Nimelia tena. Sijui ni furaha ama ni huu uchovu.

Kesho sifui shuka.