Vichwa Saba, Miili Minne

Jumatatu, 3 Machi

Basi imekuwa kweli. Kituo chetu cha televisheni kinahama. Jengo limeuzwa, na stoo zote ziwe tupu ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi stoo ya mavazi — tangu ateuliwe hajawahi kukanyaga huku chini! — kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Akauliza makreti yale marefu yana nini. Nikafungua moja. Akapiga kelele kama mtoto wa chekechea. Mashavu! Jamani, Mashavu wangu! Ananiambia alikuwa hakosi hata Jumamosi moja, anaisogelea TV mpaka mama yake anamvuta sikio arudi nyuma. Akamkumbatia. Wanja ukamchuruzika.

Akajifuta, akasema huko tuendako vikaragosi havina nafasi. Niwatafutie pa kwenda, la sivyo watatupwa pamoja na viti vibovu.

Nikaitikia sawa, mama. Yeye umri wa binti yangu, na mimi namwita mama. Miaka thelathini na mbili nashona hapa na bado ninachojua ni kuitikia tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimewatoa wote nikawapanga mezani niwapige brashi. Mende wamekula sikio moja la Bibi Miwani. Nimelia kwa ajili ya sikio! Mwanamke mzima.

Saba Sebuleni, ndilo lilikuwa jina la kipindi. Kila mmoja tulimtoa kwa watu wake: Mashavu wa mlimani, Refu wa bondeni, Bibi Miwani wa ng'ambo ya mto, na wenzao wanne. Kila kipindi mgeni alibisha hodi kwa lugha ya kwao, na mwenyeji akamjibu kwa lugha hiyohiyo ya mgeni. Basi. Hapakuwa na somo zaidi ya hilo. Watoto wakawa wanasalimiana njiani kwa lugha ambazo mama zao hawazijui.

Wasichojua ni kwamba vichwa vilikuwa saba na miili minne. Mwaka tulioanza sponji ilikuwa adimu. Kila kichwa nikakitia vishikizo vinane shingoni: unamvua huyu, unamvisha yule, unabadilisha shati, mwili ni uleule. Watoto waliandika barua kuuliza mbona hawakai wote saba pamoja. Prodyuza wetu, Mungu amrehemu, aliwajibu kwamba lazima wengine wabaki mlangoni kupokea wageni. Mwongo mtamu yule!

Mashavu na Refu — mwili mmoja, namba tatu kwenye daftari langu. Na sauti zao koo moja, la Kaka Sauti, aliyewachezesha wote wawili. Mmoja akiwa sebuleni, mwenzake anamjibu kutoka jikoni, haonekani. Wimbo ukipigwa, mimi na Kaka Sauti tuko chini ya meza, nafungua vishikizo, nafunga, yeye anameza mate na kubadili sauti. Marafiki wakubwa kuliko wote kwenye kipindi, na hawajawahi kuonana.

Binti yangu amewapiga picha akaiweka mtandaoni. Labda atatokea mtu wa kuwachukua, anasema.

Alhamisi, 6 Machi

Simu ya binti haitulii. Maelfu ya watu! Wa kwanza wote walilia utoto wao. Mmoja akaandika kwamba anakumbuka Mashavu na Refu walivyocheza dansi wameshikana mikono. Makumi wakamuunga mkono — nao wanakumbuka, hata rangi ya mashati. Haikutokea! Isingewezekana! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jioni nikaacha kucheka. Mtu kauliza mbona Mashavu ndiye aliyekuwa akianguka kwenye ngazi kila wiki, kwani watu wa mlimani ndio wajinga? Mwingine: na Refu mlafi je, si ndivyo mnavyotuona sisi wa bondeni? Wakaanza. Nani alichoma nyumba za nani mwaka ule wa machafuko. Matusi ambayo siyaandiki hapa. Chini ya picha ya vikaragosi! Na ni walewale, watoto wetu wa Jumamosi. Binti alitaka kuifuta. Watu walikuwa wameshaisambaza.

Nimekaa kitandani najiuliza. Miaka kumi na moja ya kipindi, tulimfundisha nani?

Ijumaa, 7 Machi

Barua tatu kwa siku moja. Chama cha watu wa mlimani kinamtaka Mashavu wao. Chama cha bondeni kinamtaka Refu wao. Na chama kingine nyuma yao. Mkurugenzi amefurahi ajabu: kila jamii ichukue wa kwake, heshima kwa wote, na stoo inakuwa tupu. Win-win, alisema.

Nikamwambia, mama, hawagawanyiki. Nikafungua daftari nikamwonyesha: namba tatu, Mashavu na Refu, mwili mmoja. Akatoa macho. Sijui nilifikiri nini. Nilidhani akijua atawaacha pamoja! Badala yake akapiga simu palepale kuviambia vyama vyote viwili. Siri niliyoitunza miaka thelathini nimeitoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Domo kaya mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejitolea kushona mwili mwingine. Sponji siku hizi tele, kwa siku mbili nitakuwa nimemaliza. Wote wamekataa. Kila upande unautaka mwili wa asili; upande wa pili ndio upewe wa bandia.

Kisha mwenyekiti wa bondeni akanipigia. Sauti ya asali. Dada yetu, wewe si damu yetu? Mkono wako ndio umemshona, basi mkono huohuo utulindie chetu. Nami nikasikia joto kifuani. Naliandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma: nilisikia joto. Kwa dakika nzima nilitaka tushinde. Nikakata simu nikaenda kunawa uso.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Kaka Sauti. Miaka tisa sijampigia, tangu wale wa kwetu walipoichoma nyumba yake naye akahamia kwa wenzake wa mlimani. Kila mwaka nilisema nitapiga. Aibu ikanizuia.

Alinijua kwa kikohozi tu. "Dada Fundi! Bado kifua hicho? Si nilikwambia acha kushika uzi kwa meno?" Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Nikamweleza. Nikamwomba awachukue yeye wote saba na miili yao minne, awaweke hata chini ya kitanda, alimradi wasitenganishwe. Yeye watu wake watamsikiliza.

Akasema taratibu, "Dada, mimi ndiye chama cha mlimani kimemtuma. Nitakuja Ijumaa kumchukua Mashavu."

Nikamuuliza ni yeye huyuhuyu aliyekuwa Refu, aliyeongea lugha yetu mpaka bibi yangu akadhani ni mtoto wa jirani?

Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Usiku ule vijana walipofika kwake, mmoja alibisha hodi. Akamwamkia kwa lugha ya mlimani. Vizuri kabisa, matamshi yote, na heshima ya kumwamkia mkubwa. Kaka Sauti akafungua mlango kwa sababu ya maamkizi yale. Yule kijana akampisha atoke na mkewe, kisha akaitia nyumba moto.

"Ile lugha aliitolea wapi, Dada? Kwao hawaisemi."

Hakungoja jibu. Akaniuliza habari za binti yangu.

Jumatano, 12 Machi

Jana sikuandika.

Watano wameshaondoka. Bibi Miwani katolewa kichwa kitupu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu watu wa ng'ambo ya mto ni wachache na mwili wamechukua wengine. Mzee aliyekuja kumchukua hakulalamika. Alishukuru! Akauliza kama nina miwani ya akiba. Nikampa.

Binti anasema, mama, ni vitambaa tu, utaugua. Najua ni vitambaa, nimevikata mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimekuta karatasi mlangoni, ina sahihi ya mkurugenzi. Mwili namba tatu ukatwe katikati, kutoka shingoni kwenda chini, kila chama kichukue mkono mmoja na nusu ya kiwiliwili. Chini kaongeza kwa kalamu: wewe ni fundi mzuri, utajua namna ya kuwajazia. Yeye mwenyewe hayupo. Ana mkutano.

Saa nne magari mawili yakaingia. Wa mlimani wameegesha upande huu wa geti, wa bondeni upande ule. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kwa lugha yoyote. Mwenyekiti wetu alinikonyeza, nikatazama chini. Wamenipa nusu saa na wamekubaliana jambo moja tu, kwamba wote watabaki nje ili pasiwe na upendeleo. Isipokuwa Kaka Sauti. Yeye aingie ashuhudie, maana namfahamu, na wa bondeni wamesema mzee huyu hata wao hawana neno naye. Mkono wake mmoja una kovu la moto hadi kwenye kiwiko. Sikuwahi kuambiwa kwamba moto ulimgusa.

Hatukukumbatiana. Alisema, "Umezeeka." Nikamwambia na wewe umekonda. Akauangalia mwili mezani, bila kichwa, na mkasi pembeni.

"Kata, Dada. Usinisubiri."

Nimeushika mkasi. Nimetia alama ya chaki. Nimeuweka chini. Nimeushika tena. Sponji ile imekuwa laini kama mkate ulioloa, itakatika kwa mara moja, haitanichukua hata dakika. Nimemwambia siwezi, akate yeye. Akasema naye hawezi, kwani yeye ni fundi?

Basi nimekaa juu ya kreti, nimetoa daftari hili, naandika ili nisimtazame.

Anavua viatu.

Tulikuwa tunafanya kazi peku wote, sakafu ya studio ilikuwa ya mbao na maiki ilinasa kila kishindo. Kaviweka viatu ukutani, sambamba. Soksi ndani yake. Kalala chali sakafuni kwenye vumbi lote hili, mzee wa miaka sabini, na shati lake la heshima. Kauvuta ule mwili kutoka mezani, kapitisha mkono. Ile alama yangu ya chaki inapanda na kushuka. Shingo iko juu, tupu, vishikizo vinane vinaning'inia.

Ananinyoshea mkono wa pili, bila kunitazama, kama zamani. Anataka kichwa.

Vyote viwili viko mezani, Mashavu na Refu, ubavu kwa ubavu. Nimeinuka. Nimemuuliza: "Yupi?"

Kiganja chake bado kiko wazi. Anameza mate, kama alivyofanya akibadili sauti. Nje wa mlimani wamepiga honi, na wa bondeni nao wakapiga ya kwao.

Nimemuuliza tena.