Sakafu ya Gundi

Glenys uko wapi, pokea simu.

Lile gari kuukuu la Merv wangu, ile Holden, si alituambia sakafu iliyoliwa na kutu keshaibadilisha? Asubuhi kanipakia twende Port Pirie. Kangaruu akakatiza barabara, Merv akakanyaga breki.

Kiti kikaja mbele. Shoga, si mimi, kiti. Kiti kizima na mimi juu yake, magoti yakagonga dashibodi.

Tumerudi mwendo wa kobe, nikafunua zulia. Hakuna kilichochomelewa pale. Bati jipya kalibandika kwa gundi na ribiti, vile vipini vya kubania bati, juu ya bati bovu, na kiti kimefungwa kwenye hilo hilo jipya. Ribiti zimeng'oka na kutu yake.

Namuuliza, Merv, nini hiki? Ananijibu, "Kuchomelea nani anajua hapa? Hata ndege zinashikwa na ribiti."

Hata ndege. Nusura nitokee kiooni, yeye ananiletea habari za ndege.

Nikamwambia, bora nilifunga mkanda. Akakuna kisogo. Nikainama kutazama. Mkanda nao umefungwa kwenye bati hilo hilo.

Nikamuuliza gundi iliyobaki iko wapi, nikaitupe. Akatazama chini. Anasema aliichukua Ross wako, wakabandika sakafu ya gari lenu pamoja, wakaapiana tusijue.

Glenys, leo si ndiyo mnaenda Adelaide?

Ukisoma hii mko njiani, mwambie Ross asimame. Lakini asikanyage breki kwa nguvu. Polepole. Polepole kabisa.