Mgonjwa Yuko Chumbani

Baba Ansgar,

Ugali uko kwenye sufuria, mlenda upashe moto. Watoto wako kwa Mama Mwahija. Ukienda kuwachukua umsalimie kwa adabu, maana mbuzi wake ulimfukuza wewe.

Mimi nimekwenda kwa mama, Ushirombo. ~~Nitarudi Jumapili.~~

Usijifanye hujui sababu. Wewe balozi wa nyumba kumi ndiye uliyesimama mkutanoni ukasema kota za mgodi ni za familia zilizostaarabika, hatutaki mifugo. Halafu mbuzi wako ukamficha bafuni.

Leo asubuhi kamati ya usafi imekuja kukagua, mbuzi akalia. Nawe bila hata aibu ukawaambia, "Ni Mama Ansgar huyo, anaumwa kifua." Mimi niko jikoni, nasikia. Alipolia tena ikabidi nikohoe kwa nguvu, nikuokoe. Kukohoa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba wote walikuamini, na mmoja akasema, "Maskini, sauti yake ni ile ile."

Sasa kina mama wa kamati wanakuja jioni na uji, kumjulia hali mgonjwa. Sikutaka wakute kitanda kitupu. Nimemfunga kwenye mguu wa kitanda chetu na kumfunika khanga yangu, ile mpya. Mpe majani kabla hawajapiga hodi, asije akakuaibisha.

Nitarudi mgonjwa akipona.

Mkeo,
yule asiye na pembe