Simu imewasomea wakwe ujumbe wako

Ruth!! Umeniua leo.

Asubuhi simu iliomba mise à jour, yaani kusasishwa, mi nikakubali tu. Kumbe sasa inasomaka message kwa sauti!

Wakwe wametoka Muyinga kuniposa, salon ya nyumbani imejaa, mzee wao amesimama anatoa hotuba. Ndani ya sacoche yangu, mkoba wa begani, sauti ya simu, kama ya mama Mfaransa, ikasema: "Message ya Ruth. Bia ingine mufiche chini ya kitanda. Wale ba Muyinga banakunywaka sana."

Chini ya kitanda, Ruth! Wote wamesikia!

Baba akaangalia viatu vyake. Mzee akakohoa: "Hotuba yangu imeisha. Tufungulieni chumba cha kulala."

Sasa wanakunywa na kucheka, na Baba kwa aibu amekubali kila walichoomba kuhusu mahari.

Usinijibu! Sijui pa kuizima hii sauti, na mama mkwe amekaa hapa pembeni yangu.