Wote Wawili wa Haifa

Edna, hutaamini. Caren ametoka kazini hotelini na kisa cha ajabu!

Alikuwa mapokezi na Ramzi, yule mwenzake Mpalestina. Akaingia mgeni, mzee Mwisraeli, akamuuliza Ramzi kwao wapi.

"Haifa."

Mzee akachangamka. "Hata mimi! Mtaa gani?"

"Sijui, sir. Sijawahi kufika. Babu alifukuzwa mwaka arobaini na nane."

Alifukuzwa, Edna, kwenye vita vya kuundwa Israeli! Kasema hivyo hivyo, mbele ya mgeni! Caren kashika pasipoti ya mzee, hajui airudishe au aendelee kuandika.

Mzee akasema polepole, "Mama yangu alifika mwaka huohuo. Ndugu zake wote waliuawa na Wanazi Ulaya. Hakuwa na pa kwenda."

Ramzi akamtazama. "Babu yangu pia hakuwa na pa kwenda."

Wallahi, hakuna aliyeinua sauti. Caren anasema alitafuta wa kumkasirikia, akamkosa.