Ghala la Pamba Tulimosali

Bariadi,
Jumamosi, 12 Agosti 1995

Guku,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo Bibi amesema usisumbuliwe nayo. Ulinifundisha kwamba barua ya kufichaficha mambo afadhali isiandikwe. Nimekaa kwenye kiti chako hapa mlangoni. Tangu tulipokuzika mwezi wa Machi hakuna aliyekikalia, na mimi nimeomba ruhusa kwanza.

Msimu umefunguliwa. Ghala limejaa pamba mpaka madirishani, na upepo unaleta nyuzi zake hadi uani kwetu. Asubuhi nilijikuta nimeinamisha kichwa, nangoja unitoe pamba kwenye nywele na kusema, "Kabula, umezeeka kabla yangu." Nilikaa hivyo kwa muda, kama mjinga.

Mwalimu wetu wa historia alituagiza tuandike habari za jengo moja la mji huu. Wenzangu waliandika boma na hospitali. Mimi niliandika ghala la ushirika. Niliandika kwamba babu yangu, ndiye wewe, alikwenda Kenya akiwa kijana kulima mashamba ya watu, akarudi na kitabu cha nyimbo na imani ya Wapresbiteri, na watu wakamcheka: "Kanisa gani hilo lisilo na askofu, linatawaliwa na wazee kama baraza la ng'ombe?" Niliandika kwamba ulikuwa mlinzi wa ghala, na chama cha ushirika kikakuruhusu kusalisha humo pamba ikishasafirishwa. Msimu ukirudi, tulibeba mabenchi tukasali nje, na wewe ulisema Bwana ametoka nje pamoja na sisi. Niliandika kwamba nilibatizwa bakuli likiwa juu ya mizani ya pamba, na ukanitania kila mwaka kwamba siku ile kilio changu kilizidisha uzito. Mwalimu aliipenda insha yangu. Kisha akauliza, "Na sasa kanisa hilo liko wapi?"

Jibu nakupa wewe, Guku. Liko uani kwetu, kati ya jiko na zizi. Tumebaki wachache. Wengine wamehamia kwa wenzetu wenye spika na gitaa.

Nadhani kila kitu kilianza na lile kufuli jipya. Makampuni yaliporuhusiwa kununua pamba mwaka jana, ushirika ulilikodisha ghala, na mnunuzi wa kampuni akawa Masunga. Masunga yule yule uliyemfundisha darasa la ubatizo, aliyekuwa akikushikia taa ukisoma. Jumapili ile ulijaribu ufunguo wako, ukaufuta kwa shati, ukajaribu tena, kana kwamba kosa lilikuwa la ufunguo. Mabenchi na Meza ya Bwana vilikuwa ndani. Masunga akaja na pikipiki yake mpya, wala hakuizima.

"Mzee, pamba haisali," alisema. "Inataka pakavu tu."

"Hata wewe ulipokuja ulikuwa husali, Masunga," ulimjibu. "Tulikufungulia."

Watu walicheka. Wewe hukucheka.

Halafu kikaja kifua. Ulipokuwa umelala hapa huwezi hata kumaliza sala ya chakula, Masunga alituma mfuko wa sukari. Mayu, mama yangu, alitaka kuurudisha siku ile ile. Ulimkataza. Bibi alitaka kukukorogea uji, ukakataa pia. Ukanyoosha kidole juu ya kabati, na Bibi akauweka pale. Hukuila, hukuirudisha. Bado iko pale, Guku. Ninaiona kutoka hapa nilipokaa.

Sasa nikuambie ya siku ya mazishi, maana hukuyaona.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mto ukajaa, mchungaji akakwama ng'ambo. Waombolezaji walilowa wote. Masunga mwenyewe akaja akafungua ghala, tukaingia na jeneza lako. Mabenchi hayakuwapo. Kwenye kona ya nyuma tulikuta mafiga, majivu mengi, na mguu mmoja wa benchi ulioungua nusu. Madereva wa malori walikuwa wameyafanya kuni za kupikia. Masunga aliyatazama yale majivu.

"Sikujua," alisema.

Mayu akamwuliza, "Ufunguo alikuwa nao nani?"

Meza ilikuwepo, imejaa grisi. Masunga alivua koti lake akaipangusa nalo, tukakulaza juu ya Meza. Mzee Nkwabi, mzee wa kanisa mwenzako, aliomba, lakini alisahau maneno katikati, na sote tukasikiliza mvua kwenye mabati. Baadaye Masunga alitoka akashika jembe na wachimbaji, matope hadi magotini. Nilimwona. Mayu anasema yeye hakuona kitu.

Sasa Mzee Nkwabi ndiye mzee wa kanisa peke yake, na macho yake yanazidi kufifia. Mchungaji ametuambia wazi kwamba mzee mmoja si baraza. Tusipochagua mwingine, mtaa wetu wa kanisa utafungwa mwisho wa mwaka na sisi tuandikwe katika kanisa la Nyalikungu. Bibi hawezi kufika Nyalikungu kila Jumapili. Hata Meza hataiona tena. Wanaume wote wamekataa uzee wa kanisa, ila mmoja. Masunga amerudi kusali nasi tangu Pasaka, anakaa chini kwenye mkeka, mwisho kabisa. Mzee Nkwabi ndiye aliyemtaja jina. Watu walipoguna alisema, "Mnataka niwe baraza peke yangu? Nikitaka kubishana nibishane na nani?" Masunga ameahidi kwamba akichaguliwa au asipochaguliwa, malori yakimaliza kusomba pamba mlango utafunguliwa. Lakini mlango bila baraza ni ghala tu.

Mayu amesema siku Masunga akimpelekea mkate wa Bwana, hataupokea mkononi mwake. Alisema hivyo akiwa anachambua mchele, bila kuinua uso. Ninamwelewa. Ni binti yako, na yeye ndiye aliyekugeuza kitandani usiku na mchana.

Nami nilipokelewa Mezani Pasaka hii, ya kwanza bila wewe, nikapata haki ya kuchagua. Kwa hiyo kesho kwenye uchaguzi, mchungaji akisema wanaomkubali Masunga wasimame, nitakuwa miongoni mwa wanaotazamwa. Tulivyo wachache, kila anayesimama anaonekana, na kila anayebaki ameketi anaonekana zaidi. Nitakuwa kati ya Bibi na Mayu.

Lala salama, Guku wangu. Ninakuahidi kwamba lolote litakalotokea kesho, ghala likifunguliwa nitalifagia mimi, pembe zote, hata ile ya majivu, na ule mguu wa benchi nitautunza. Na shule sitaiacha, hata Mayu akilazimika kulima kibarua.

Lakini nijibu kabla hatujatandika mikeka, kwa njia yoyote unayoiweza. Ile sukari ulitaka iwekwe juu ya kabati kwa sababu ulikuwa hujamsamehe, au ulikuwa ukimngoja aje mnywe chai pamoja?

Mjukuu wako,
Kabula